Makumbusho Yawajibike kwa Majirani Zake

Makondakta wa daladala jijini Dar es Salaam hulitaja neno "Makumbusho" kwa siku moja kuliko walimu wa historia wa shule nzima kwa muhula. Kituo cha mabasi chenye jina hilo hakikosi kitu: mihogo ya kukaanga, mafundi simu, viatu vya mitumba, abiria wanaogombea siti ya dirishani. Jirani yake, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kipo Kijiji cha Makumbusho kilichokipa kituo jina lake, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kikiwa hapo tangu miaka ya 1960. Umati hushuka, hupanda, huenda zake, na kijiji chenyewe hubaki kuwa alama ya kumwelekeza dereva wa bodaboda. Wanaoingia ndani ni wanafunzi walioletwa na shule, watalii, na wenyeji kiasi, hasa pale jamii fulani inapokuwa na siku yake ya ngoma na vyakula.

Mikoani sura ni hiyohiyo, ila umati ni mdogo. Jumba la makumbusho la wilaya au mkoa huwa na siku yake moja kubwa kwa mwaka. Siku hiyo mahema husimamishwa, viti hupangwa kwa vyeo, mgeni rasmi huwasili akiwa amechelewa, wazee huvishwa mavazi ya vita na kupigwa picha. Kesho yake fundi wa mahema huja kuchukua mali yake, na mhifadhi hurudi kwenye meza yake kusubiri basi la shule. Watu wa mtaa unaolizunguka jumba hilo, ambao ndio wajukuu wa wanaotajwa kwenye vibao vya maelezo, huonekana tena mwakani.

Lawama huwaangukia wananchi. Tunaambiwa Watanzania hawapendi historia, hawana utamaduni wa kutembelea makumbusho, wanathamini mpira na muziki tu. Sikubaliani hata kidogo. Watu haohao hukesha msibani wakibishana nani alimzaa nani na ukoo ulitokea ng'ambo ipi ya mto. Shamba likigombewa, mzee mmoja huweza kueleza mbele ya baraza la kata vizazi vinne vya waliolilima bila karatasi mkononi. Watu wasiopenda historia wangewezaje kuyakumbuka yote hayo? Wanaipenda mno. Kinachokosekana ni sababu ya kuamini kwamba ile iliyofungiwa ndani ya jumba ni yao.

Msimamo wangu ni huu: makumbusho ya mahali yana deni kwa kaya zinazoyazunguka kabla ya kuwa na deni kwa mtalii, mwanafunzi au mgeni rasmi. Deni lenyewe ni kuzikusanya kumbukumbu za kaya hizo, kuziweka hadharani zikiwa nzima, zikiwemo zile zinazouma, na kuwaachia watu nafasi ya kuzibishania. Jumba lisilofanya hivyo linaweza kuwa ghala zuri au kivutio kizuri, lakini haliwapi majirani zake historia yao. Nitaijenga hoja hii juu ya mfano mmoja, Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, kwa sababu hakuna mahali nchini ambapo historia ya jamii ni nzito kiasi kile na iko karibu na milango ya watu kiasi kile.

Kilichobaki majumbani

Songea ni mji unaoitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wakuu wa Wangoni, aliuawa na Wajerumani mwaka 1906, siku chache baada ya wenzake zaidi ya 60 kunyongwa Februari 27 na kuzikwa katika kaburi moja. Kaburi hilo ndilo moyo wa makumbusho yaliyoanzishwa hapo mwaka 1980 na baadaye kuwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Nduna mwenyewe alizikwa peke yake, na inaelezwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kila Februari 27 viongozi, machifu na wananchi hukusanyika hapo. Mgeni anayefika siku ya kawaida hukutana na kaburi, sanamu za mashujaa, silaha, na maelezo ya vita vilivyoanza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, hadi vilipozimwa mwaka 1907.

Tunayajuaje haya? Kwa muda mrefu aliyeandika alikuwa mshindi. Gavana wa koloni, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909 akijitetea mbele ya wakubwa na wapinzani wake nyumbani. Ripoti za maofisa zilihesabu vijiji vilivyochomwa na risasi zilizotumika. Sauti ya upande wa pili ilikuja kupatikana kwa sababu mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini, kusini kote, kuwahoji wazee waliokuwa wangali hai. Wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za aina hiyo miaka hiyohiyo, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo imewafikishia vijana wengi wa sekondari habari za Maji Maji kuliko jumba lolote. Kazi iliyobadilisha uelewa wa taifa zima kuhusu vita vikubwa zaidi vya kupinga ukoloni katika historia yake ilifanywa na vijana wenye daftari, waliokaa juu ya vigoda wakasikiliza.

Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1906 alikuwa na miaka 72 mwaka 1968. Leo hayupo. Waliomsikia wakiwa watoto nao ni wazee sasa, na kila msiba unaopigwa matarumbeta Peramiho au Namtumbo huenda unazika jina la bonde ambalo ukoo ulijificha, au wimbo ambao bibi aliuimba bila kueleza ulitoka wapi. Hapo ndipo makumbusho ya mahali yanapotofautiana na chuo kikuu. Chuo hutuma watu mara moja, huandika, hufunga faili na kwenda kwenye mada nyingine. Makumbusho yapo pale, mwaka mzima, na wafanyakazi wanaojua njia za vijijini. Kukusanya kumbukumbu ingepaswa kuwa kazi yao ya kila mwezi, sawa na kufagia uwanja, na si mradi wa kusubiri mfadhili.

Wapo watakaosema kumbukumbu za mdomo haziaminiki: mzee husahau, huongeza chumvi, humtukuza babu yake. Ni kweli, hufanya yote hayo. Lakini ofisa wa Kijerumani aliyeandika ripoti ili apandishwe cheo hakuongeza chumvi? Gavana aliyeandika kitabu ili asilaumiwe hakujitukuza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na karatasi ya Berlin haikulala kwenye kitanda kile. Dawa ya kumbukumbu yenye dosari ni kuiweka karibu na nyingine, ya mdomo kando ya ya karatasi, ya ukoo huu kando ya ya ukoo ule, msomaji akaona zinapokutana na zinapoachana. Makumbusho yana kuta za kutosha kufanya hivyo. Kinachotakiwa ni ujasiri wa kuandika kwenye kibao: ukoo huu unasema hivi, na ule unakataa.

Njaa haina sanamu

Tuangalie nani anakumbukwa. Simulizi rasmi la Maji Maji ni la wapiganaji: mkuki, ngao, kamba ya kunyongea. Ni simulizi la haki na lazima lisemwe. Lakini vita vile havikuua kwa kamba peke yake, wala kwa bunduki peke yake. Wajerumani walipoona wapiganaji wanaingia msituni na kurudi, waligeukia chakula. Walichoma vijiji, wakateketeza maghala ya nafaka, wakaharibu mashamba, wakazuia watu kupanda. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanakadiria kati ya 250,000 na 300,000, na tofauti kati ya tarakimu hizo mbili kwa sehemu kubwa ni njaa na maradhi yaliyofuata. Huko Ungoni njaa hiyo ilipewa jina, fugufugu, na jina hilo lilidumu midomoni mwa wazee.

Nani hufa kwanza njaa inapoingia? Mtoto anayenyonya, mjamzito, bibi asiyeweza kutembea hadi msituni kuchimba mizizi. Hao ndio wengi wa waliokufa katika Vita vya Maji Maji, na hao ndio wasiokuwa na sanamu. Sisemi hivi kumpunguzia shujaa heshima yake. Nasema kwamba familia ya leo ya Mbinga au Namtumbo inayoingia katika jumba la kumbukumbu na kukuta mikuki mitupu inaambiwa kimyakimya kwamba historia ni ya wanaume waliobeba silaha, na kwamba bibi aliyewaficha watoto watatu pangoni na kutoka na mmoja hana habari. Ilhali ukoo haukuendelea kwa sababu ya mkuki. Uliendelea kwa sababu kuna mtu alijua mzizi upi unalika na upi unaua, alijua pa kuficha mbegu, alijua lini moshi wa moto wa kupikia ungeonekana na askari.

Hata upande wa mapigano wanawake wanapitwa haraka mno. Mkomanile, mwanamke mtawala katika Ungoni, ndiye anayesimuliwa kumpokea Omari Kinjala, mjumbe aliyeleta maji ya vita kutoka kusini mashariki, naye alinyongwa na Wajerumani pamoja na wanaume. Jina lake hutajwa, aghalabu kwa sifa ya kuwa mwanamke pekee, kisha simulizi linasonga mbele. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri amekwenda mbali zaidi akichunguza Uzaramo, ambako vita vilifika pia. Anaonyesha kwamba chini ya uasi kulikuwa na mgogoro wa shamba na jiko: wanaume wamechukuliwa kufanya kazi kwingine, uwindaji umewekewa masharti, nguruwe mwitu wanamaliza mazao, na wanawake wamebaki peke yao kulinda chakula. Mama yeyote wa kusini anayekesha shambani akifukuza nguruwe na ngedere msimu wa mahindi angelielewa jambo hilo kabla kibao hakijamaliza kulieleza. Huo ndio mlango wa kumwingiza katika makumbusho. Hahitaji kutafsiriwa ukoloni; anahitaji kuonyeshwa kwamba ukoloni uliingia hadi kwenye ghala lake.

Tena njaa ile haikuishia kwenye makaburi. Sehemu kubwa za kusini zilibaki bila watu, pori likarudi, na wanyama na mbung'o wakatanda palipokuwa mashamba. Mtafiti Helge Kjekshus ni mmoja wa waliolieleza jambo hilo kwa kirefu. Baadhi ya ardhi tunayoiita leo hifadhi na kuwaonyesha wageni kuwa ni pori la tangu kuumbwa kwa dunia ilikuwa na vijiji, visima na njia za biashara. Kwa kaya zinazogombana na askari wa wanyamapori kuhusu mpaka hilo si suala la kitaaluma, ni kesi iliyo hai. Makumbusho ya Songea, au ya Kilwa, au chumba kimoja tu huko Liwale, vingeweza kulieleza hili kwa ramani moja yenye majina ya vijiji vilivyotoweka. Majina hayo yako wapi? Kwa wazee, kwa sasa.

Ugomvi wa ndani

Sasa nifike mahali ambapo wengi wangependa makala haya yaishie. Wangoni hawakuwa wenyeji wa Songea tangu zamani. Walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na makundi yao yaliyofika Ungoni baadaye katika karne hiyo yalitawala kwa nguvu watu waliowakuta. Waliotekwa na kuingizwa katika utawala wao waliitwa sutu, na tofauti kati ya Mngoni halisi na sutu ilipima nani anasema na nani ananyamaza. Vita vya 1905 vilipokuja, si wote waliouona uasi kuwa wao. Ndani ya Ungoni kwenyewe kulikuwa na tawala mbili, ya Mputa Gama upande wa Njelu na ya Chabruma upande wa Mshope, na hazikuwa na uhusiano mtulivu. Kusini kwa jumla wapo waliopigana, wapo waliokaa kando, wapo waliowasaidia Wajerumani kwa sababu Mjerumani alikuwa mbali na jirani aliyewateka alikuwa karibu. Askari waliokamata na kuchoma walikuwa, kwa wingi wao, Waafrika waliotoka Sudan, pwani na bara.

Simulizi la taifa liliyafunika hayo, na kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1956 Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa aliitaja Maji Maji kuwa ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kuikubali haki ya mgeni kuwatawala. Nchi iliyokuwa ikidai uhuru ilihitaji vita vya makabila mengi yaliyoungana, na kwa kweli Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wangoni na wengineo walishiriki maji yaleyale. Umoja ule haukuwa uongo. Ila haukuwa habari yote, na kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kimekusanya ushahidi wa kutosha kwamba kila eneo liliingia vitani kwa ugomvi wake na hesabu zake. Kazi hiyo iko kwenye maktaba za vyuo. Imewafikia watu wa Mahenge, Njombe au Songea kwa njia gani?

Pingamizi hapa ni zito kuliko yote, na halistahili kudharauliwa: tukifukua nani alimteka nani, hatutavuruga amani? Nchi hii imelipa gharama kubwa kuepuka ukabila, na jirani zetu wametuonyesha historia ikitumiwa kama panga. Nalielewa. Lakini anayesema hivyo anadhani kunyamaza kumefuta kumbukumbu. Haijafutwa, imehamia chumbani, inakosimuliwa bila wa kuisahihisha, na huko ndiko inakoota sumu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Isitoshe, jamii zetu zilikwisha kubuni namna ya kuyasema mabaya ya zamani pasipo damu, nayo ni utani. Wangoni na Wahehe walichinjana vibaya katika karne ya 19, kisha wajukuu wao wakawa watani. Mtani huja msibani, hujifanya kuzuia jeneza, humsema marehemu na ukoo wake kwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Ndani ya mzaha ule mna vita vizima: nani alikimbia, nani alitekwa, nani aliiba ng'ombe. Watu wanaoweza kufanya hivyo mbele ya maiti hawawezi kushindwa kufanya mbele ya kabati la vioo.

Makumbusho yakijifunza kutoka kwenye utani, hayatatoa hukumu. Yatawaalika wa upande wa pili waje kuutoa upande wao, kwa jina lao, katika jumba lilelile. Mzee wa Kindendeule aeleze utawala wa Wangoni ulivyoonekana kutoka chini. Mjukuu wa askari aeleze babu yake alifikaje kwenye jeshi la Mjerumani. Chifu aliyeketi mbele atakunja uso, pengine ataomba kujibu, na akijibu ndipo watu wa mtaa watakapoanza kuingia.

Bujora na gharama

Atauliza msomaji kama jambo hili limewahi kufanyika popote au ni ndoto ya mwandishi. Lipo, kwa sura yake, huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri wa Kikanada, David Clement, akishirikiana na Wasukuma wenyewe katika parokia yake, na yakazinduliwa mwaka 1968. Jengo la machifu lina umbo la kiti cha enzi, nyumba ya mhunzi iko pamoja na vyombo vyake, na mganga wa jadi ana yake. Lakini kilichoyafanya yawe ya watu ni ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vilivyoanzishwa na waganga Ngika na Gumha katika karne ya 19, vina jengo lao, na kila Juni tamasha la Bulabo huwarudisha uwanjani kushindana, pamoja na wanaocheza na nyoka na wawindaji wa nungunungu. Anayetoka kijijini kwenda Bulabo hajioni kuwa anatembelea makumbusho. Anakwenda kuwashangilia watu wake wawazidi wenzao, na katika kushangilia anarithi majina, nyimbo na dawa za ushindi ambazo kibao kisingemfundisha.

Sisifii Bujora bila kasoro. Ilisimama kwa mgongo wa parokia na wafadhili, na jumba linalotegemea mgongo wa mwingine hutetemeka anapochoka. Picha ya jamii iliyojengwa na padri, hata awe na mapenzi kiasi gani, huwa na mambo iliyoyapendelea. Ila wazo lake la msingi ni sahihi: historia ikiwa na mashindano, wenye nayo wataileta wenyewe. Ruvuma, mkoa wa Songea, ina ngoma ya lizombe. Ina watani. Ina koo zinazobishana tangu kabla ya Mjerumani.

Na pesa? Hili huulizwa na watu wa aina mbili: mhasibu wa halmashauri, na mwananchi anayesema zahanati haina dawa, makumbusho ya nini. Wa pili ana haki zaidi, nami simwambii achague makumbusho na kuacha dawa. Namwambia kwamba tayari tunazitumia pesa kwenye historia, ila tunazitumia vibaya. Mahema, vipaza sauti, posho, mafuta ya misafara na fulana za maadhimisho ya siku moja hugharimu kiasi ambacho kingelipa nauli za vijana wawili wenye simu za kurekodi kwenda vijijini kwa miezi mingi. Kumwondolea kiingilio mkazi wa kata zinazolizunguka jumba hakutaifilisi Serikali, kwani kwa sasa haingii kabisa. Kufungua jioni ya Jumapili, wakati watu wametoka ibadani na hawako shambani, ni suala la ratiba ya wafanyakazi. Kuandika vibao kwa Kiswahili cha kawaida, badala ya Kiswahili kilichopitia mikononi mwa kamati, kunahitaji mhariri mmoja. Kilicho kigumu ni kuachia madaraka: kukubali kwamba mzee asiye na cheti anaweza kumwambia mhifadhi mwenye shahada kuwa kibao chake kina makosa, na kibao kikabadilishwa.

Kilichoko Berlin

Kuna watakaojibu kwamba haya ni madogo, na kwamba kazi ya kweli ni kudai mali na mabaki yetu yaliyoko Ulaya. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Lilikuwa tukio kubwa na lilistahili vichwa vya habari. Wengine walikumbusha mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ambayo imesimamishwa katika jumba la Berlin na kuwaingizia wenzetu watazamaji mwaka hadi mwaka. Dai hilo ni halali, na anayelidai asikatishwe tamaa. Ninachokikataa ni kudhani kwamba kudai huko na kukusanya huku ni mambo mawili tofauti.

Tazama fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitamka lirudishwe, likarudi mwaka 1954. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi, na akalichagua kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa pamoja na alama ya risasi. Liko Kalenga hadi leo, Wahehe wanaliheshimu, na maswali hayajaisha. Kisha tazama kilichotokea Septemba 2023. Taasisi ya Berlin inayosimamia mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania na Kenya, ilitangaza kwamba imewapata ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu. Mmoja alikuwa akida wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi aliyenyongwa mwaka 1900. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyothibitisha, lakini vinasaba peke yake havimjui mtu. Lazima kuwepo familia ya kupimwa, na ili familia ijulikane lazima kuwepo mtu anayekumbuka nani alikuwa akida, aliacha watoto gani, na wajukuu wao wanaishi mtaa upi.

Mafuvu mengi hayana hata neno moja lililoandikwa kando yake la kuanzia. Kwa hayo utafutaji unaanzia upande wetu, kwa kuuliza ukoo upi ulipoteza mtu 1906, mwili wake ulipatikana mzima au la, na nani leo ni uzao wake wa moja kwa moja. Hakuna mtafiti wa Berlin atakayepita nyumba kwa nyumba Peramiho, Namtumbo na Mbinga akiuliza hivyo, na akipita hatajua amuulize nani kwanza. Mfanyakazi wa makumbusho ya Songea anajua, na nauli yake ni ya bodaboda.